Shajara ya mradi: saa ya kuvua kwa mshipi

Mwezi mwandamo: swali na fomu

Mvuvi yeyote wa mshipi ukimuuliza saa nzuri ya kuvua atakwambia alfajiri na magharibi. Jibu hilo lina ukweli mwingi, ila ushahidi wake umeelemea upande mmoja. Watu huenda kuvua alfajiri kwa sababu ndivyo walivyoambiwa, samaki wengi hupatikana alfajiri kwa sababu ndipo mishipi inapokuwa majini, na mwisho wa msimu kila mtu ana uthibitisho wa kile alichoambiwa. Saa 7 mchana hakuna aliyetupa ndoano, kwa hiyo hakuna ajuaye.

Kazi ya kwanza ya mradi basi ni kipimo. Tumechagua samaki kwa saa ya mshipi: idadi ya samaki walionaswa, igawanywe kwa saa ambazo ndoano yenye chambo ilikuwa ndani ya maji. Mishipi miwili ikivua kwa saa mbili, hizo ni saa 4 za mshipi. Tuseme alfajiri wamenaswa samaki 12 kwa saa 24 za mshipi, na alasiri samaki 3 kwa saa 4. Ukiangalia ndoo, alfajiri imeshinda mara nne. Ukigawanya, alfajiri ina 0.5 na alasiri ina 0.75. Saa 4 ni chache mno kuamua lolote, lakini walau sasa swali limeulizwa sawasawa. Muda wa kufunga ndoano, kufungua mshipi uliojisokota au kuhama mahali hauhesabiwi. Saa ambayo haikuleta hata samaki mmoja inaandikwa kwa uaminifu uleule wa saa iliyojaza ndoo, maana ndiyo inayogawanya.

Siku imekatwa vipindi saba, na vyote vimefungwa kwenye jua badala ya saa ya ukutani. Alfajiri ni dakika 60 kabla ya macheo. Asubuhi ni macheo hadi saa 2 baadaye. Kisha mchana wa kwanza hadi adhuhuri, alasiri hadi saa 2 kabla ya machweo, jioni hadi machweo, magharibi kwa dakika 60, halafu usiku. Mtu anayeandika “saa 12 asubuhi” mwaka mzima karibu na ikweta hatapotea sana, kwa kuwa macheo huko huhama kwa kama nusu saa tu mwaka mzima. Mbali na ikweta, saa hiyohiyo ni giza totoro msimu mmoja na jua kali msimu mwingine, na daftari lake litachanganya vitu viwili visivyohusiana.

Onyo moja kwa wenye mazoea ya saa zetu: safu ya muda ijazwe kwa mfumo wa saa 24 tu. Jedwali la maji (la saa za kujaa na kupwa) linasema 05:20, programu ya macheo inasema 05:20, picha ya samaki kwenye simu imepigwa muhuri wa 05:20. Anayeandika 11:20 akimaanisha saa 11 na dakika 20 alfajiri amemhamisha samaki wake kwa saa 6 kamili, hadi karibu na adhuhuri. Kosa hili halijitangazi, kwa sababu 11:20 ni saa halali kabisa. Dalili yake huja baadaye, pale kipindi cha mchana kinapojaa samaki wanaojulikana kwa kula gizani.

Maji bado makubwa: vifaa na mshipi wa kipimo

Kipimajoto cha maji kimefungwa kwenye kamba yenye alama kila sentimita 50. Hupimwa mara mbili, sentimita 30 chini ya uso na nusu mita juu ya sakafu, na huachwa kila mahali kwa dakika 2 kabla ya kuvutwa. Cha kawaida cha kioo hubadilika kikipita kwenye maji ya juu, kwa hiyo kimetiwa ndani ya chupa ndogo iliyotobolewa karibu na mdomo. Inapanda imejaa maji ya kule chini, na namba husomwa kabla ya maji hayo kumwagwa.

Uangavu hupimwa kwa sahani ya Secchi, iliyopewa jina la Angelo Secchi aliyejaribu sahani nyeupe ya namna hii baharini mwaka 1865. Yetu ni ya bati, kipenyo sentimita 20, robo mbili nyeupe na mbili nyeusi kwa kupishana, na chubwi katikati ili izame imelala. Ishushe upande wenye kivuli mpaka ipotee, soma kamba. Ivute taratibu mpaka ionekane tena, soma kamba. Wastani wa namba hizo mbili ndio uangavu. Vua miwani ya jua kwanza. Kamba isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa hujikunyata na alama zinadanganya.

Ukingoni mwa maji ya bahari umesimikwa mti wenye alama kila sentimita 5. Sababu yake itaelezwa kwenye sehemu ya bamvua, yaani siku za maji makubwa.

Kila mvuvi ana mishipi miwili. Mmoja ni huru, afanye nao atakavyo. Wa pili ni wa kipimo na haubadilishwi: mshipi mkuu milimita 0.35, kipande cha mwisho chenye ndoano milimita 0.30 na urefu sentimita 60, ndoano namba 2 moja, chubwi gramu 30, chambo ukanda wa ngisi wa sentimita 1 kwa 5. Chambo hubadilishwa kila dakika 20 hata kama kinaonekana kizima, kwa kuwa ngisi aliyekaa majini huishiwa harufu kabla hajaishiwa nyama. Bila mshipi huu mtu atavua alfajiri kwa chambo bandia kinachoelea, mchana kwa ngisi, usiku kwa kipande cha dagaa, halafu ataamini amelinganisha saa kumbe amelinganisha chambo.

Fomu ina safu mbili kwa kila tukio: kudonolewa na kunaswa. Kipindi chenye midonoo mingi na samaki wachache kwa kawaida ni kipindi cha samaki wadogo wanaonyofoa chambo pembeni. Ukisoma kunaswa peke yake, kipindi hicho kitaonekana kimelala wakati chini pana shughuli kubwa.

Robo ya kwanza: mwanga

Hapa ndipo sifa ya alfajiri na magharibi inapopata maelezo. Jicho la samaki lina seli za mwanga mkali na seli za mwanga hafifu, na kwa samaki wengi seli hizo husogea ndani ya retina mwanga unapobadilika. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, mara nyingi zaidi ya 20. Katika muda huo samaki mdogo wa mchana haoni vizuri, huku mwindaji mwenye jicho kubwa akiona vya kutosha kutambua kivuli kinachopita juu yake dhidi ya anga. Tewa anayevizia mwambani na kolekole anayepita kwa kasi wote hufaidi pengo hilo. Viumbe wadogo wanaoelea nao hupanda juu jioni na kurudi chini karibu na mapambazuko, dagaa na wadogo wengine huwafuata, na mstari mzima wa walaji hupita kina ambacho mshipi wa ukingoni unafikia.

Giza la chini ya maji halianzi pamoja na giza la nchi kavu. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, maji tulivu huakisi karibu asilimia 6 ya miale yake. Likishuka hadi nyuzi 10 huakisi karibu asilimia 35. Karibu na ikweta jua hushuka takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 10 ni kama dakika 40 kabla ya machweo. Yaani samaki ameshaanza magharibi yake wewe bado unavaa kofia. Ndiyo sababu kipindi cha jioni kimewekwa peke yake, hakikuunganishwa na magharibi.

Mwanga wa kati, tangu jua lizame hadi lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, hudumu dakika zipatazo 22 karibu na ikweta. Katika latitudo ya nyuzi 50 hudumu dakika 30 hadi 45 kutegemea msimu. Kipindi chetu cha dakika 60 kwa hiyo ni kikubwa mno kwa maji ya tropiki: theluthi moja ni utusitusi na theluthi mbili ni giza. Toleo la pili la fomu limekikata pale jua linapofika nyuzi 6, na thamani hiyo hutolewa na programu yoyote ya macheo inayoonyesha mapambazuko ya kiraia.

Kukata huko kumefanya kitu kingine kionekane. Kwenye miamba ya matumbawe baada ya machweo kuna kama robo saa ya utulivu, samaki wa mchana wameshajificha na wa usiku bado hawajatoka. Ni muda wa wawindaji tu. Mshipi wa kipimo wenye ndoano namba 2 na ngisi mdogo unaweza kukaa kimya kabisa wakati chambo kikubwa kinachotembea kinashambuliwa mita chache kando. Anayefungasha vitu vyake kwa sababu ya kimya hicho anaondoka dakika chache kabla ya zamu ya usiku kuanza kula.

Uangavu hugeuza yote haya. Maji yakiwa safi, sahani ikionekana hadi mita 4 au 5, wawindaji wa macho hubanwa kwenye kingo za siku kwa sababu mchana kweupe mawindo yanawaona mapema. Maji yakiwa na tope na sahani kupotea kabla ya nusu mita, utusitusi wa chini ni giza tayari. Hapo mwindaji wa macho huhitaji jua lipande, na kipindi chake huhamia asubuhi iliyokomaa au hata adhuhuri. Mawingu mazito na mawimbi madogo ya upepo hufanya kazi iliyo kinyume: hurefusha alfajiri. Fomu sasa ina safu ya anga (wazi, nusu, limefunikwa) na ya uso wa maji (kioo, vijiwimbi, mawimbi).

Mwezi mpevu, bamvua: maji yanayotembea

Baharini jua lina mshindani. Mahali penye kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kilele kimoja cha maji hufuata kingine baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku ratiba nzima huchelewa kwa kama dakika 50. Maji hayaendi kwa mwendo mmoja pia. Kanuni ya mafungu kumi na mbili inatosha kwa kazi ya mshipi: katika saa sita za kujaa, maji hupanda fungu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza hupanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60, kisha 30. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye mkondo mkali. Mkondo huleta harufu ya chambo mbali, huwatoa kaa na kamba mashimoni, na humfanya samaki ajipange nyuma ya jiwe akiangalia maji yanakotoka. Maji yakisimama, chambo kinanuka pale pale kilipo na samaki hana sababu ya kujipanga.

Bamvua ikiwa kali mno, saa hizo za katikati hazivuliki. Chubwi la gramu 30 linaburutwa, mshipi unapinda, na kila mdonoo unafanana na mwani. Tumeruhusu badiliko moja kwenye mshipi wa kipimo, uzito wa chubwi hadi gramu 80, kwa sharti la kuliandika. Lisiposhika hata hivyo, saa hiyo inaandikwa “haikuvulika” na haiingii kwenye mgawanyo.

Kuna mtego ambao unastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndio unaofanya watu wa fukwe mbili wabishane miaka na wote wawe sahihi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mahali pamoja kilele cha maji ya bamvua huangukia karibu saa ileile ya siku kila mara. Tuseme kwenu kilele cha bamvua ni 10:00 na 22:00. Maji makavu basi ni karibu 04:00 na 16:00, na kila alfajiri ya bamvua ni mwanzo wa kujaa. Mtu anayevua siku za bamvua peke yake kwa kuwa “maji ni makubwa” hataweza kamwe kutenganisha alfajiri na maji yanayojaa, maana kwake vitu hivyo viwili huja pamoja daima. Ufukwe mwingine wenye kilele cha bamvua saa 04:00 utampa mvuvi wake alfajiri ya maji yanayopwa, naye ataapa kwamba alfajiri haina samaki.

Dawa ni kuvua maji mafu pia, siku saba hivi baada ya bamvua, ambapo saa za kilele zimehama kwa karibu saa 6 na alfajiri inapata upande wa pili wa maji. Mkondo ni dhaifu na watu wengi hubaki nyumbani, lakini bila safari hizo jedwali lina nusu moja tupu. Fomu ina safu ya saa kutoka kilele: -3 ni saa tatu kabla ya kilele, +2 ni mbili baada yake. Kila samaki sasa ana anwani mbili, ya jua na ya maji.

Mti wenye alama unaingia hapa. Jedwali la maji huandikwa kwa bandari fulani, na ndani ya hori au mdomo wa mto kilele huchelewa. Soma mti kila dakika 10 kuzunguka kilele kinachotarajiwa, kwa siku chache za bamvua na chache za maji mafu, upate tofauti ya mahali pako. Kwenye mlango mwembamba mkondo unaweza kuendelea kuingia muda mrefu baada ya maji kuacha kupanda, kwa hiyo kugeuka kwa mkondo kuna safu yake. Kipande cha kijiti kinachoelea kinatosha kukionyesha.

Kwa usalama: maji yakijaa kwa kasi ya sentimita 90 kwa saa, jiwe kavu la kusimamia linakuwa kisiwa kabla hujamaliza kubadili chambo mara tatu. Njia ya kurudi ipimwe kwa macho kabla ya ndoano ya kwanza kutupwa, na vipindi vya giza mwambani havivuliwi na mtu mmoja.

Robo ya mwisho: bwawa la kijani

Bwawani hakuna kujaa wala kupwa, na ilitarajiwa kwamba alfajiri itashinda kirahisi. Haishindi kila mahali, na sababu ni hewa.

Maji baridi (yasiyo na chumvi) ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kushika kama miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.6. Hiyo ni dari tu. Bwawa lenye mwani mwingi hutengeneza oksijeni kwa usanisinuru mchana kutwa na kufikia kilele alasiri. Jua likizama utengenezaji unakoma, lakini mwani, samaki na bakteria wa kwenye tope wanaendelea kupumua usiku kucha. Kiwango cha chini kabisa huangukia kabla tu ya macheo, saa ileile ambayo vitabu vyote vinaisifu. Samaki wengi wa maji ya vuguvugu hupunguza kula sana oksijeni inaposhuka chini ya miligramu 3 kwa lita.

Huhitaji kipima oksijeni kulijua bwawa la namna hii. Sahani ya Secchi ikipotea ndani ya sentimita 20 na rangi ni kijani, lichukulie kwa tahadhari. Rangi ikiwa ya kahawia ya udongo, hesabu ni nyingine, kwa sababu udongo haupumui. Alfajiri angalia uso wa maji: perege na sato wakiwa wametoa midomo juu wakivuta tabaka jembamba la uso, hawali. Mtu wa kando atafurahi akidhani samaki wamepanda kula. Mlo huleta vishindo na miduara ya ghafla huku na huku. Kukosa hewa huleta midomo mingi iliyotulia mahali pamoja, nayo haikimbii kivuli upesi. Siku mbili tatu za mawingu mfululizo huongeza tatizo, maana mwani haukujaza akiba mchana.

Kwenye bwawa hilo kipindi cha perege na sato ni mchana wa kwanza hadi alasiri, nao ni walaji wa mchana hata oksijeni ikiwa nzuri. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu na hutafuta chakula kwa ndevu na harufu, kwa hiyo haendelei wala harudi nyuma kwa sababu ya hewa ya alfajiri. Ndoano moja bwawa moja, saa ileile, inaweza kuleta kambare peke yake. Tangu hapo jina la samaki si maelezo ya pembeni kwenye fomu: hesabu hufanywa kwa kila aina peke yake, na “samaki kwa saa” bila jina imefutwa.

Mahali ambapo chemchemi au kijito kinaingia hutoa jibu tofauti ndani ya bwawa hilohilo, kwa vile maji yanayoporomoka hubeba hewa. Alfajiri tupa pale.

Maji ya baridi yana mantiki yake. Katika msimu wa baridi mbali na ikweta, maji ya kina kifupi hupoteza joto usiku na kulirudisha polepole, hivyo alasiri huwa na nyuzi moja au mbili za ziada, na nyuzi hizo humwamsha samaki ambaye mwili wake hufuata joto la maji. Kiangazi hali hugeuka kwa trauti na wenzake wapendao baridi: alasiri ni joto mno na oksijeni haba, na mapambazuko ndiyo saa yao. Kwa hiyo kipimajoto husomwa mwanzo na mwisho wa kila kipindi. Mwelekeo (yanapanda au yanashuka) una manufaa kuliko namba yenyewe.

Mwandamo wa pili: usiku

Kipindi hiki kimecheleweshwa kwa sababu ya taa. Taa ya kichwa ikimulikwa majini huwatawanya walio karibu, na ikiachwa imewaka mahali pamoja huvuta viumbe wadogo, kisha dagaa, kisha wawindaji. Zote mbili zinaharibu kipimo. Kanuni iliyowekwa: taa nyekundu, ielekezwe nchi kavu, izimwe baada ya kufunga chambo. Anayetaka kuvua kwa taa afanye hivyo kwa makusudi na kuandika, na asitarajie mengi mwezi ukiwa mpevu. Anga lote likiwa na mwanga, taa haina cha kushindania, jambo ambalo wavua dagaa wanalijua na kupanga kazi zao kwalo.

Usiku chambo chenye harufu kali na kilichotulia hufanya vizuri kuliko kinachozungushwa, hasa kwa mikunga na kambare. Mshipi hushikwa kwa kidole, kwa kuwa kengele ya fimbo hulia baada ya mdonoo wa kwanza kupita.

Yaliyoondolewa kwenye fomu

Kanieneo (mgandamizo) ya hewa, inayopimwa kwa hektopaskali, imeondolewa. Badiliko la hektopaskali 1 ni sawa na sentimita 1 ya maji. Hektopaskali 10 kwa siku moja ni badiliko kubwa la hali ya hewa, na samaki hulipata akipanda sentimita 10 tu. Bamvua ya mita 3 humletea aliyelala chini badiliko la karibu hektopaskali 300 kila baada ya saa sita, na anaendelea na maisha yake. Kinachokuja pamoja na kanieneo kushuka, yaani mawingu na upepo, tayari kina safu zake.

Saa za mwezi za John Alden Knight, aliyezitunga mwaka 1926, zimebaki kama safu ya ziada kwa bwawa pekee. Nadharia hiyo hutaja vipindi vikubwa mwezi unapokuwa juu kabisa au chini kabisa, na vidogo unapochomoza na kutua. Baharini haiwezi kupimwa kwa njia hii, kwani mwezi ndio mwendeshaji mkuu wa maji na mambo hayo mawili yamefungwa pamoja. Hata bwawani ina ujanja: mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo na kutua karibu na macheo, kwa hiyo vipindi vidogo vinaazima sifa ya jioni na alfajiri. Siku za robo, vipindi vikubwa ndivyo vinavyoangukia hapo. Kuipima kwa haki ni kuchukua siku za katikati ya awamu, ambapo saa za mwezi ziko mbali na kingo za siku.

Kusoma jedwali

Kipindi chenye saa pungufu ya 20 za mshipi hakisomwi. Bahati katika hesabu kama hii hukaribia mzizi wa pili wa idadi: samaki 4 maana yake ni 4 kwa kuongeza au kutoa 2, samaki 100 ni kwa kuongeza au kutoa 10. Samaki wanaotembea kundi hufanya hali iwe mbaya zaidi, kwani kundi moja lililopita linaweza kuleta kumi ndani ya dakika tano na kimya wiki nzima. Kundi la namna hiyo huandikwa pia kama tukio moja, na majedwali mawili hulinganishwa.

Kipindi cha kuvua huchaguliwa kwa kura jana yake. Bila kura watu huteleza kurudi alfajiri, au huongeza nusu saa samaki wakishika, na nusu saa hiyo hupandisha wastani kwa ulaghai. Muda ukiisha mshipi wa kipimo unatolewa hata ukiwa unadonolewa. Wa huru ubaki.

Utaratibu wa kuamua unaotumika kwa sasa ni huu. Penye kujaa na kupwa, tafuta kwanza saa za mkondo unaovulika, halafu kati ya hizo chagua iliyo karibu zaidi na macheo au machweo. Zisipokutana, mkondo upewe kipaumbele kwa changu na wengine wa chini, mwanga upewe kwa wawindaji wa macho. Bwawani au ziwani, soma uangavu na rangi kwanza: maji safi, nenda kwenye kingo za siku, kijani kizito, subiri jua lipande, tope, adhuhuri isidharauliwe. Msimu wa baridi kali, alasiri.

Kinachosubiri ni alfajiri ya maji mafu katika hori, ambako kilele kinachelewa na mkondo unageuka baada ya jua kuchomoza, na usiku wa bwawani, ambao utakatwa vipande viwili kwa saa ya mwezi kuchomoza. Kabla ya hapo kamba ya sahani ipimwe upya kwa futi ya chuma.